URWIRI: JINSI YA KUUJUA, KUUTOA SHAMBANI NA KUUWEKA MAHALI PAKE



Karatasi hii inawahusu wote wanaolima, hata kama ni kipande kidogo nyuma ya nyumba. Inawahusu wakimbizi kutoka Kongo walioko katika kambi ya Kinama, Muyinga. Inawahusu Warundi waliorudi kutoka Nduta, Mtendeli na Nyarugusu tangu mwaka 2017 na kukuta mashamba yao yamelala muda mrefu. Inawahusu pia familia za Gitega ambazo bado ziko katika vijiji vya waliohama makwao tangu vita ya 1993, na wenyeji wa milima ya jirani ambao mara nyingi ndio wenye ardhi.

Inahusu nyasi moja tu. Kwa Kirundi huitwa urwiri, na jina hilo hilo hutumika upande wa Rwanda. Kwa Kiswahili cha Kenya na Tanzania huitwa sangari. Waganda huiita lumbugu. Wataalamu huiandika Digitaria abyssinica, na katika vitabu vya zamani utaikuta kwa jina la Digitaria scalarum. Ni nyasi ile ile.

Nyasi hii haikuletwa na mgeni yeyote. Ni ya hapa hapa, katika nchi za juu za Afrika Mashariki, kutoka Uhabeshi hadi Burundi. Tunasema hivyo kwa sababu shamba likiharibika huwa rahisi kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Urwiri hauhitaji kuletwa. Unahitaji tu shamba lililoachwa misimu miwili au mitatu bila kulimwa vizuri, na hilo ndilo linalotokea watu wakikimbia.

Kwa nini tunaandika juu yake? Kwa sababu posho ya kurudi nyumbani ni ya miezi michache, na kodi ya shamba hulipwa kabla ya kuvuna. Mtu akipanda maharagi juu ya urwiri, atapata majani ya manjano na maganda machache. Mbegu imekwenda, kodi imekwenda, na msimu umekwenda.

UTAUTAMBUAJE?

Usiangalie majani peke yake, maana majani ya nyasi hufanana. Chimba. Chukua jembe, inua bonge moja la udongo, ulivunje kwa mikono. Kama ni urwiri utaona kamba nyembamba nyingi, nyeupe au za rangi ya majani makavu, zimefumana kama wavu. Kila kamba ina vifundo, na juu ya vifundo kuna magamba madogo makavu. Ncha yake ni ngumu na imechongoka.

Watu huziita kamba hizi mizizi. Si mizizi. Ni mashina ya nyasi yanayotembea chini ya udongo badala ya kusimama juu. Mizizi ya kweli ni ile midogo kama nywele inayotoka kwenye vifundo. Jambo hili si la darasani tu: mzizi ukikatwa hufa, lakini shina likikatwa kipande chenye kifundo, kipande hicho huota. Katika karatasi hii tutayaita kamba.

Juu ya ardhi, urwiri ni nyasi fupi, ya rangi ya kijani iliyopauka kidogo, na majani yake ni laini na membamba. Ukiuacha utoe maua, utaona vidole vyembamba kadhaa vilivyopangwa kwenye ubua mmoja mfupi, kimoja juu ya kingine. Hii ndiyo alama ya kuutofautisha na umucaca, ambao vidole vyake huwa vitatu hadi sita na vyote hutoka mahali pamoja, kama vijiti vya mwavuli. Umucaca pia hutambaa juu ya ardhi, unaweza kuuona ukivuka njia. Urwiri hutambaa chini tu.

Kuna nyasi nyingine mbili ambazo watu huzichanganya na urwiri. Motomoto ni ndefu, majani yake husimama na kukata mkono, na maua yake ni meupe kama pamba. Hiyo nayo ina kamba chini, nene zaidi na kali kama sindano, zinazoweza kutoboa kiazi. Ukiiona kwa wingi mlimani ujue udongo umechoka na umechomwa moto mara nyingi. Ndago si nyasi hasa: ukizungusha bua lake kati ya vidole utahisi pembe tatu, na chini ina vijikokwa vidogo vyeusi.

Ipo pia ndugu ya urwiri ambayo haina kamba. Huota kwa mbegu kila msimu, ukiivuta inatoka yote na kishungi chake cha mizizi. Hiyo usihangaike nayo, palilia kama magugu mengine.

KWA NINI JEMBE LINAUZIDISHA

Hapa ndipo watu wengi hupoteza nguvu. Mtu analima shamba la urwiri kwa jembe la kawaida mwezi wa 9, mvua za kwanza zikishaanguka. Analima vizuri, udongo unakuwa mweusi na safi, jirani wanamsifu. Baada ya wiki tatu shamba lote ni kijani, na kijani hicho si maharagi.

Kilichotokea ni hiki. Jembe bapa limekata kila kamba vipande vipande. Kila kipande chenye kifundo kina jicho, na jicho hilo lilikuwa limelala kwa sababu ncha ya kamba ilikuwa inalizuia. Kamba ikikatwa, jicho linaamka. Udongo umelowa, umelegea, umepata hewa. Kwa maneno mengine, mkulima amepanda urwiri kwa vipandikizi, kama mtu anavyopanda muhogo.

Kuchoma nako hakusaidii. Moto unapita juu, kamba ziko chini. Baada ya moto urwiri hurudi wenyewe, bila mashindano, kwa sababu magugu mengine yamekufa na kivuli kimeondoka. Kufyeka kila wiki kunauchosha polepole, lakini inabidi usiache hata mara moja, na hakuna mtu mwenye kazi nyingine anayeweza.

Kamba nyingi ziko katika sentimita 30 za juu, yaani kiasi cha urefu wa jembe moja. Katika udongo mlaini zinaweza kushuka hata karibu na mita moja. Kwa hiyo usitegemee kwamba utazitoa zote kwa siku moja. Kazi ni kutoa nyingi kwanza, halafu kuzichosha zilizobaki.

KIANGAZI NDIYO DAWA

Katika Gitega na Muyinga mvua hukatika kuanzia mwezi wa 6, na hurudi mwezi wa 9. Watu wengi hutumia miezi hiyo kwa kulima mabondeni, kwa kujenga, kwa harusi. Ukiwa na shamba la urwiri huko mlimani, miezi hiyo ndiyo ya kupigana nao. Jua litakusaidia bure.

Tumia jembe la meno, lile wengine huliita jembe uma. Meno yake hupita kati ya kamba na kuziinua bila kuzikata. Kama huna, na kuna watu watano au sita wenye shida hiyo hiyo, nunueni moja kwa pamoja. Ni chombo cha kuazimana, kwa sababu kila mtu analihitaji siku chache tu kwa mwaka. Mkikosa kabisa, tumieni jembe la kawaida lakini lichomeni chini kabisa na kuinua bonge zima. Msikate kate. Kisha vunjeni bonge kwa mkono na kuvuta kamba zikiwa ndefu.

Anza mwezi wa 6, udongo ungali na unyevu kidogo. Ukichelewa hadi mwezi wa 8 udongo unakuwa mgumu kama tofali na jembe linaruka. Inua mabonge, yaache yamepinduliwa, usiyasawazishe. Jua na upepo viingie. Baada ya wiki mbili au tatu rudi, yavunje, toa kamba zilizoonekana, pindua tena. Ukiweza kufanya hivyo mara tatu kabla ya mvua, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Usilime shamba zima kama huna watu. Pima kwa kamba ya katani kipande cha hatua tano kwa tano, kisafishe kabisa, kisha nenda kwenye kingine kilicho jirani. Kipande kidogo kilicho safi kina faida kuliko shamba zima lililopigwa jembe la juu juu. Wengine huona haya kuacha sehemu yenye nyasi mbele ya macho ya watu. Iacheni. Itafikiwa mwaka ujao.

Kuna hatari moja ambayo lazima tuiseme. Milima yetu ina mteremko, na udongo uliochimbwa kwa kina hubebwa na mvua ya kwanza. Ukifungua mlima wote kutoka juu hadi chini, mwezi wa 10 udongo wako utakuwa bondeni kwa mtu mwingine. Kwa hiyo safisha kwa mikanda inayokata mteremko, na kati ya mkanda na mkanda acha ukanda usiolimwa mpaka msimu utakaofuata. Kama kuna mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ile inayoitwa imirwanyasuri, usiifukie.

Mvua zikianza, usikimbilie kupanda siku hiyo hiyo. Ngoja siku kumi hivi. Vipande vilivyobaki vitaota na utaviona wazi, kimoja hapa, kimoja pale. Vitoe vikiwa na majani mawili au matatu. Sababu yake ni hii: kipande cha kamba huota kwa akiba yake ya chakula. Kinatumia akiba hiyo mpaka jani liwe kubwa la kuweza kukilisha. Ukiking'oa au kukikata kabla ya hapo, kimetumia na hakikurudishiwa. Kikifanyiwa hivyo mara kadhaa kinakufa njaa chini ya udongo. Ukichelewa na jani likawa kubwa, akiba imerudi na mmeanza upya.

NYASI ZILIZOTOLEWA ZIENDE WAPI?

Lundo la kamba mbichi kando ya shamba ni kitalu cha urwiri. Usiliache hapo, usilitupe mtaroni, na usilitupe kwenye mpaka wa jirani. Ugomvi mwingi wa mipaka una mambo madogo kama haya ndani yake.

Zitandaze juu ya mwamba, juu ya mkeka wa vijiti, au juu ya paa la banda, mahali ambapo hazigusi udongo. Zigeuze. Baada ya wiki kadhaa za jua kali chukua kamba moja uivunje. Ikikatika kwa sauti kama nyasi kavu za kuezekea, na ndani yake ni kavu, imekufa. Ikijipinda, na ndani ni nyeupe yenye maji, bado ni hai. Zikishakufa kweli ni matandazo mazuri chini ya migomba.

Wakati wa mvua hazikauki. Kama una pipa bovu au shimo lisilovuja, zizamishe kabisa ndani ya maji, uweke jiwe juu, zikae hadi zioze na kunuka. Maji yake, ukiyachanganya na maji mengine, yanafaa kumwagilia mboga kwenye shina. Funika pipa kwa sababu ya mbu na watoto. Usiweke kamba hai katika lundo la mbolea la kawaida. Lundo dogo la nyumbani halipati joto la kuziua, na mwaka ujao utakuwa unagawa urwiri pamoja na mbolea.

Majani yake, bila kamba, ni chakula kizuri cha mbuzi, ng'ombe na sungura. Kwa hiyo mwenye mbuzi akiomba kukata, mruhusu akate. Lakini ajue na wewe ujue kwamba mbuzi hafyeki kamba.

UPANDE NINI MWAKA WA KWANZA?

Urwiri unapenda jua. Kivuli kizito unakichukia. Kwa hiyo zao la kwanza baada ya kusafisha liwe lile linalofunika ardhi haraka, na kama inawezekana liwe lile ambalo kulivuna ni kuchimba tena.

Viazi vitamu vinafaa kuliko vyote kwa watu wa hali yetu. Majani yake hufunika tuta, huliwa, hulishwa mifugo, na siku ya kuvuna unageuza udongo mara ya pili na kutoa kamba zilizobaki. Viazi ulaya navyo ni vizuri kwa sababu hiyo hiyo, maana huinuliwa udongo na kisha huchimbwa, lakini mbegu yake ni ghali na udongo mzito wenye maji huvioza. Maboga yanayotambaa hufunika vizuri pembeni.

Maharagi yanaweza kupandwa, ila kwa masharti. Yapande kwa mistari ili jembe lipite. Palilia wiki ya pili au ya tatu, na mara nyingine kabla hayajatoa maua. Yakishatoa maua usiingie tena kwa jembe, utaangusha maua. Kama huna nguvu za palizi hizo mbili, panda eneo dogo zaidi.

Muhogo usiupande mwaka wa kwanza katika shamba lililokuwa la urwiri. Najua kwamba sombe inahitajika nyumbani na kwamba muhogo hauna haraka. Lakini unachelewa kufunika ardhi, na unakaa shambani mwaka na zaidi. Muda wote huo huwezi kuchimba kwa kina kati ya mashina bila kuharibu mizizi ya zao. Urwiri utakaa humo kama mpangaji asiyelipa. Vivyo hivyo kahawa changa na migomba michanga. Safisha kwanza, upande baadaye.

Kama kuna kipande ambacho kimekushinda kabisa, kuna mmea wa mukuna, jamii ya maharagi, unaotambaa kwa nguvu na kufunika kila kitu. Hupandwa mwanzo wa mvua na kuachwa miezi kadhaa. Huzima urwiri na hata motomoto, na kuurudishia udongo rutuba. Mbegu zake si za kupikwa kama maharagi, zina sumu. Zisiwekwe pamoja na chakula ambapo watoto watazifikia. Kwa mtu mwenye kipande kimoja tu cha kumlisha, mukuna ni ushauri mgumu, kwa sababu msimu mzima hali kitu. Tunautaja kwa wale wenye nafasi.

Angalia pia kinachoingia. Machipukizi ya migomba kutoka kwa rafiki, yanayokuja na bonge la udongo, huleta kamba ndani yake. Kwangua udongo wote na maganda ya nje ya tunguu kabla ya kupanda. Utaondoa na fukusi wa migomba. Mbolea ya zizi ambalo wametandika nyasi zilizong'olewa na mizizi yake, ipekue kwa mkono.

MPAKA WA SHAMBA, NA MAHALI AMBAPO URWIRI UNAFAA

Ukisafisha ndani na kuacha ukingo, ukingo utarudi ndani. Chimba mtaro mwembamba kuzunguka, wenye kina cha sentimita 30 au zaidi, na kila msimu upite ukikata ncha zinazojaribu kuuvuka. Afadhali mkubaliane na jirani mchimbe pamoja na kusafisha pande zote mbili.

Lakini si kila urwiri ni wa kung'oa. Kwenye kingo za mitaro, kwenye tuta la njia, nyuma ya nyumba mahali maji ya paa yanapoanguka, wavu ule ule wa kamba unaokutesa shambani ndio unaoshika udongo. Ukiung'oa hapo bila kuweka kitu kingine, ukingo utaporomoka. Nchi nyingine wanauogopa sana. Marekani wameuweka katika orodha ya magugu yasiyoruhusiwa kuingia. Sisi tumezaliwa nao, na katika mteremko kama wa Kirimiro au Bweru una kazi yake. Uache njiani na mahali pa kuchezea watoto, uukate mfupi, umpe mbuzi.

Pale ambapo ukingo unapakana na shamba la chakula, ubadilishe polepole kwa nyasi ambazo hazitambai chini. Zinazojulikana hapa ni ikibingobingo, yaani majani ya tembo, pamoja na setaria na tripsakamu. Hizi hukua kwa kishungi. Ikibingobingo hupandwa kwa vipande vya bua lililokomaa vyenye vifundo vitatu: viwili viingie udongoni, kimoja kibaki nje, kipande kilazwe kwa mshazari. Acha nusu mita kati ya shina na shina. Setaria na tripsakamu hupandwa kwa kugawa kishungi cha zamani. Panda mwanzo wa mvua za mwezi wa 10 au za mwezi wa 2, ng'oa urwiri hatua moja moja nyasi mpya zikisimama, usianze kwa kung'oa zote.

Kata ikibingobingo ikifika kifuani, usingoje ikawa mianzi. Ukiiacha irefuke itatupa kivuli juu ya maharagi na kunywa maji yake. Hiyo nayo ni nyasi, na kila nyasi inahitaji mtu wa kuisimamia.

DAWA ZA DUKANI

Tunaulizwa sana juu ya dawa ya kuua nyasi, hasa ile ya glifosati. Ni kweli inaua urwiri, kwa sababu jani huinywa na kuipeleka hadi kwenye kamba. Lakini hufanya hivyo tu urwiri ukiwa wa kijani na unakua vizuri. Ukiinyunyiza kiangazi juu ya majani ya manjano umemwaga pesa. Mvua ikinyesha saa chache baadaye, umemwaga pesa pia. Na haichagui: upepo ukiipeleka kwenye maharagi ya jirani, yatakufa.

Kwa bustani za kambini na za karibu na nyumba tunashauri isitumike. Nyumba zimekaribiana, maji ni ya visima na bomba la pamoja, na vyombo vya dawa huishia kubebea maji ya kunywa au mafuta ya kula. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka glifosati katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu. Wasimamizi wa dawa za kilimo wa Ulaya na wa Marekani hawakukubaliana na uamuzi huo, na mabishano yameendelea. Hata ukiacha mabishano hayo, dawa iliyomiminwa katika chupa ndogo isiyo na karatasi yake si dawa ya kununua. Hujui ni nini, hujui imechanganywa na nini.

Mwenye shamba kubwa la kahawa akiamua kuitumia, hilo ni lake na moniteri wa kilimo. Avae viatu na nguo ndefu, asinyunyize penye upepo, na chombo kikiisha atoboe.

KAMA SHAMBA SI LAKO

Sehemu hii isomeni kwa makini, ninyi mnaokodi.

Kipande cha bei nafuu mara nyingi ndicho kile chenye urwiri. Mwenyewe amechoka nacho. Unakikodi kwa msimu mmoja, unafanya kazi ya kiangazi kizima, unavuna kidogo, na mwaka unaofuata, udongo ukiwa safi, mwenyewe anakichukua au anapandisha kodi. Hakukuibia. Mlikubaliana msimu mmoja na msimu umekwisha. Lakini jasho lako limebaki kwake.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda na jembe. Chimba mashimo manne au matano, si pembeni tu bali na katikati, uone kamba. Ukizikuta, zungumza na mwenye shamba papo hapo. Mwambie wazi: hapa kuna urwiri, kuutoa ni kazi ya mwaka. Omba misimu minne, yaani A mbili na B mbili, kwa kodi ambayo haitabadilika, au omba msimu wa kwanza usilipe kwa sababu unamsafishia. Wenye mashamba wengi watasikiliza, maana wanaijua kazi yenyewe kuliko wewe. Akikataa, tafuta kipande kidogo zaidi kilicho safi, hata kama ni ghali. Ukipiga hesabu ya siku zako za kazi utaona si ghali.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: ukubwa wa kipande, mipaka yake, misimu mingapi, kodi kiasi gani na imelipwa lini, nani atavuna kilichobaki udongoni muda ukiisha. Wawepo mashahidi wa pande zote mbili. Hapa Burundi abashingantahe wa mlima ndio watu wa kukaa katikati, na ukiwaita mwanzoni hutahitaji kuwaita mwishoni ukiwa na hasira. Kila upande ubaki na nakala. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti kwa lugha yake kabla ya kuweka kidole.

Ninyi mliorudi kutoka Tanzania na mna shauri la ardhi ambalo halijakwisha, msifanye kazi kubwa ya kusafisha kipande kinachobishaniwa mpaka mjue kitakuwa cha nani. Limeni mboga za muda mfupi, kama lengalenga, na mpande ikibingobingo mahali pengine.

BUSTANI NDOGO ZA KAMBINI

Kwa vitalu vya nyuma ya nyumba kazi ni fupi. Chimba kitalu chote kwa kina cha jembe moja na nusu, chekecha udongo kwa vidole, zungushia mtaro. Familia moja inamaliza kitalu cha hatua mbili kwa nne kwa siku chache. Kama uwanja wote una urwiri na huwezi kuchimba, jaza magunia udongo uliochekechwa, yaweke juu ya mawe au matofali ili yasiguse ardhi, na upande lengalenga na vitunguu humo. Kamba zikigusa chini ya gunia zitapenya na kuingia.

Matandazo membamba hayauzii urwiri, unayapenda kwa sababu yanatunza unyevu. Yakiwa mazito kama kiganja na kidole gumba vikinyooshwa, na udongo ulikuwa umesafishwa kwanza, hapo yanasaidia.

Mwisho wa mwaka wa kwanza, kabla hujaamua kupanda muhogo au migomba, rudia ule uchimbaji wa mwanzo. Mashimo matano, kina cha jembe zima. Ukikosa kamba katika yote matano, panda unachotaka. Ukizikuta katika shimo moja, zungushia mahali hapo kwa vijiti na upachimbe kiangazi kijacho, huku ukilima penginepo. Ukizikuta katika matatu au zaidi, panda viazi vitamu tena.